Ombi Limetumwa

"Jina," alisema Msusi, kidole gumba kikisubiri juu ya kioo cha simu.

"La kuzaliwa au la dukani?"

"Lile unaloitwa ukienda hospitali, mzee."

Mpiga picha akalitaja, majina yote matatu, polepole, kama anamtambulisha jamaa wa mbali. Msusi akainua macho. Miaka sita sasa walikuwa wametenganishwa na ukuta wa plaiwudi tu, upande huu studio, upande ule saluni. Alikijua kikohozi chake, aliijua redio yake na kile kituo kimoja inachokamata, lakini jina hilo ndiyo kwanza analisikia. Mtaa mzima ulimwita Mzee Kidevu. Yeyote aliyewahi kukalia stuli yake kwa picha ya kitambulisho aliambiwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya chini: "Kidevu juu kidogo. Hapo hapo. Tulia." Miaka thelathini na nane ya kuinua videvu vya watu. Watoto wa shule waliyaigiza maneno hayo wakipita mlangoni, naye aliwachekea, ila kwa miaka minne ya karibuni kicheko chake kilikuwa kinaishia kwenye meno.

"Jina zuri," Msusi alisema akiandika. "Ungetuambia mapema tungekuheshimu."

Kisha akamkabidhi simu. "Tarehe ya kuzaliwa ujaze mwenyewe, ujifunze. Unateremsha hivi."

Mzee aliipokea kwa mikono miwili kama trei ya mayai. Simu ilikuwa na siku tano tangu aitoe dukani, na bado hajabandua nailoni iliyofunika kioo, akiamini ni sehemu ya simu. Miaka ikaanza kuteremka chini ya kidole chake. Akaupita mwaka aliomzika mke wake bila kuutazama. Akaupita mwaka binti yake alipoanza shule, akiwa na pengo la meno mawili ya mbele. Akaupita mwaka wa harusi. Miaka iliendelea kuja, na kidole kilipofika kwenye mwaka wake mwenyewe alikuwa ameanza kuona haya.

"Kumbe mimi ni wa zamani namna hii."

"Wewe ni orijino, mzee. Siku hizi hawatengenezi tena." Msusi akachungulia upande wa saluni, ambako mteja mmoja alikuwa amekaa na nusu ya kichwa imesukwa na nusu nyingine imesimama wima. "Nakuja, dada, nakuja. Haya, mzee, neno la siri. Liwe kitu usichoweza kusahau, na usiniambie mimi."

"Hata wewe?"

"Hasa mimi. Mdomo wangu haujui kufunga, mtaa mzima unajua."

Mzee akageuka pembeni kidogo, akaandika jina alilokuwa akimwitia mke wake walipokuwa wawili tu. Simu ikamjibu kwa maandishi mekundu: Neno lako la siri ni dhaifu. Aliitazama kwa muda. Alitaka kuiuliza inajua nini. Msusi akamweleza kwamba inataka na tarakimu, basi akaongeza sitini, kisha nane: kasi na upana wa tundu la lenzi yake kwa taa za ndani, namba alizozitumia maisha yake yote. Simu ikaridhika.

Halafu ikauliza hali ya ndoa. Msusi alisoma orodha yote kwa sauti ya kawaida, na alipofika kwenye "mjane" sauti ikashuka bila yeye kutaka.

"Ni lazima kujaza?"

"Si lazima, mzee. Unaweza kuruka."

Hakuruka. Alibonyeza "Nimeoa." Simu, kwa kuwa haina adabu, ikamuuliza: Na nani? Akaifunika kwa kiganja mpaka Msusi alipoichukua taratibu na kusonga mbele.

Tuseme ukweli, mzee huyu hakuamka asubuhi moja akaupenda mtandao. Watu wa mtandao ndio waliomuua kwa njaa. Zamani foleni ya picha ilifika hadi nje, siku za kufungua shule ilipinda kona. Sasa kila mtu ana kamera mfukoni, na wanaokuja kwake ni wale tu ambao serikali imewalazimisha: pasipoti, leseni, kitambulisho cha kazi, marehemu anayetaka picha yake ikuzwe. Alikuwa ameapa kuzikwa na simu yake ya vitufe. Kilichomvunja ni shemeji yake, dada wa marehemu mke wake, aliyempigia simu kutoka mji mwingine wiki tatu zilizopita.

"Hongera, babu."

"Babu?"

Shemeji alikuwa amegundua anachokifanya, na ilikuwa imeshachelewa. "Binti yako amejifungua," alisema. "Wa kike. Nilidhani umeshaona. Picha zipo mtandaoni, watu wote tumeziona."

"Ah, hizo," alisema mzee. "Nimeziona. Nimeziona sana."

Uongo huo ulimtoka wenyewe, na kwa wiki tatu aliulisha. Muuza magazeti alipomuuliza mjukuu anafanana na nani, alijibu bila kukwama: na bibi yake. Akafika hadi kueleza nywele. Jioni alirudi chumbani kwake, akakaa kitandani na viatu vyake, akawaza kwamba yeye, aliyempiga picha kila mtu wa mtaa huu angalau mara moja, alikuwa mtu pekee katika ukoo asiyejua sura ya mjukuu wake. Alijisikia mpweke hata akaona aibu ya kuwasha taa.

Namba ya binti yake hakuwa nayo. Ile ya zamani ilikuwa inasema haipatikani. Shemeji alikuwa nayo mpya, na kila alipoombwa alisema, "Mpe muda, shemeji." Muda ulikuwa umefika miaka minne.

"Sasa picha," alisema Msusi. "Weka picha yako hapa kwenye duara."

Kwenye makabati ya chuma nyuma yao kulikuwa na negativu za picha za mtaa mzima, zimepangwa kwa mwaka, na ya mzee mwenyewe hakuna hata moja, isipokuwa ile ya harusi. Hiyo nayo aliipiga yeye. Aliweka kamera kwenye stendi, akaitegesha, akakimbia kwenda kusimama kando ya bibi harusi, na kamera ikabofya kabla hajafika. Mke wake aliipenda. Alikuwa akiwaonyesha wageni: mimi ndiye huyu, na ule ukungu pembeni ndio bwana harusi.

"Utanipiga wewe," alisema mzee. "Kwa hiyo hiyo simu. Ila tuifanye vizuri."

Kuifanya vizuri ilimaanisha kushusha kitambaa cheupe, kuwasha taa zote mbili zenye miavuli, kufuta jasho la pua, kufunga kifungo cha juu, na kusogeza stuli mpaka kwenye alama ya rangi aliyoichora sakafuni mwaka aliofungua studio. Akakaa. Mabega sawa, masikio yote mawili yanaonekana.

"Cheka basi kidogo," alisema Msusi.

"Ukicheka wanairudisha."

"Nani anairudisha? Mzee, hii haiendi ofisini, inaenda kwa watu. Watu wanaweka picha wako shambani, wako kwenye sofa, wamekumbatiana na mbwa."

"Piga."

Akapiga. Wakaitazama pamoja. Ilikuwa picha safi kabisa, uso umejaa, mwanga umegawanyika sawasawa pande zote mbili, macho yametazama mbele bila kudai kitu.

"Unafanana na mtu anayetafutwa na polisi," alisema Msusi, "lakini basi. Nimekutumia ombi langu, likubali hapo. Umeona? Umeshapata rafiki mmoja. Nakwenda kumalizia kile kichwa kabla hakijanifuata huku."

Akaondoka. Mzee akabaki na rafiki yake mmoja, ambaye sauti yake aliisikia ukutani ikiomba radhi.

Aliandika jina la binti yake kwa kidole kimoja. Simu ikamletea wanawake kumi na wanne wenye jina hilo. Akawapitia mmoja mmoja kwa utulivu wa kazi: huyu taya pana, huyu mdogo mno, huyu macho yamekaa karibu. Kumi na watatu hawakuwa wake. Wa kumi na nne hakuwa na uso. Mahali pa uso palikuwa na kichanga kimelala ubavu, kimefungwa kitambaa cha njano, na kilichoonekana ni shavu, ngumi moja na sikio.

Akachukua lenzi ya kukagulia negativu, akaiweka juu ya kioo cha simu, akainama. Aliona vitone vyekundu, vya kijani na vya bluu tu. Akaiweka kando na kusogeza simu usoni. Katika kazi yake alijifunza kwamba nyusi hunyolewa, pua huvimba, mashavu huja na kwenda, lakini sikio la mtu humfuata hadi mwisho, na ndiyo sababu maofisa hulitaka lionekane. Sikio hili halikuwa na ndewe ya kuning'inia. Lilishuka likaungana na shavu moja kwa moja. Juu lilikuwa na mkunjo mdogo, kama ukurasa uliokunjwa ili msomaji asipoteze mahali. Alikuwa amelala pembeni ya mkunjo huo miaka thelathini na mmoja.

Kumbe hakuwa amemdanganya muuza magazeti. Akafurahi, furaha ya kweli, ya kutaka kuinuka na kumwambia mtu. Akainuka. Akasimama katikati ya studio, na hapakuwa na mtu, akakaa tena.

Alibonyeza palipoandikwa Ongeza rafiki. Maandishi yakabadilika: Ombi limetumwa.

Sababu ya binti yake kunyamaza haikuwa ndefu. Siku ya mazishi, watu wa familia walisimama kuzunguka kaburi, na mzee alisimama na kamera. Hakuna aliyemwomba. Kwenye kila harusi na kila msiba wa ukoo yeye ndiye aliyepiga picha, na asubuhi ile mkono wake ulichukua begi la kamera kama ulivyochukua kila siku. Akapiga jeneza. Akapiga shemeji zake. Alipofika kwa binti yake, aliyekuwa ameinama na kanga imemwangukia usoni, alimwona kupitia tundu la kamera, akaona kivuli kimeufunika uso, na mdomo wake ukasema wenyewe: "Kidevu juu kidogo, mwanangu."

Binti aliinua kidevu. Hilo ndilo lililomuuma mzee kuliko yote. Alitii, akamtazama baba yake moja kwa moja, macho yamevimba, na mzee akabofya. Baada ya arobaini aliondoka na hakurudi.

Mtaani hakuna aliyelijua hilo. Waliendelea kumwita Mzee Kidevu kwa mapenzi, naye aliendelea kuitika.

Siku ya kwanza ombi lilibaki limetumwa. Siku ya pili pia. Mzee aliiweka simu juu ya meza ya kukatia picha, karibu na mkasi na rula, akawa anaigeuza kila dakika chache. Msusi alimfundisha kuangalia kengele ndogo juu ya kioo. Ikiwa na kitone chekundu, kuna jambo. Kitone kilitokea mara tisa siku hiyo. Mara zote tisa ilikuwa simu ikimwambia kuna watu anaoweza kuwafahamu.

Akafungua kuwaangalia, na aliwafahamu wote. Yule mwenye kovu la nyusi alimpiga akiwa darasa la saba, na tena alipopata kazi bandarini. Yule mama aliyevaa miwani ya jua alikuja na kilio mwaka alioibiwa mkoba na kila kitambulisho ndani. Wengine walikuwa wametumia picha alizowapiga yeye kabisa, zimekatwa, zimetiwa maua pembeni. Alizitambua kwa mwanga. Vidole vyake viliwapita wote bila kumtumia ombi hata mmoja, kwa kuwa angewaambia yeye ni nani? Mtu anayekutazama nusu dakika ndani ya miaka kumi si rafiki yako. Alikuwa amezeeka katikati ya watu wengi hao, na wote walikuwa wakitazama lenzi.

"Vipi, amekubali?" Msusi aliuliza akipita na ndoo.

"Nani?"

"Mzee, usinichezee. Mtu hanunui simu ya bei ile aje kuwa rafiki yangu mimi."

"Bado," alisema mzee.

"Pengine hajaingia. Mwenye mtoto mchanga hana mikono." Akasimama kidogo mlangoni, ndoo mkononi, kisha akaenda zake.

Siku ya tatu asubuhi, mzee akiwa anakata picha za mwalimu mmoja, simu ilitikisika juu ya meza. Haikuwa kengele. Ilikuwa ujumbe.

Wewe ni nani?

Alikaa chini. Akaandika kwa kidole kimoja, akifuta na kurudia: Ni mimi baba yako.

Jibu lilikuja upesi. Baba yangu hana simu ya aina hii. Akaunti yako ina siku tatu na rafiki mmoja. Hiyo picha umeitoa kwenye kitambulisho chake, yeye hana picha nyingine. Mmemwibia au mmekiokota? Mwacheni mzee wa watu.

Mzee akaitazama picha yake kwenye duara, safi, masikio mawili, kitambaa cheupe. Msusi alikuwa amemwambia acheke. Mtu yeyote mwenye akili angeona hivyo hivyo: tapeli na picha ya wizi. Mwacheni mzee wa watu. Alilisoma tena neno hilo. Kulikuwa na mtu duniani aliyekasirika kwa ajili yake, na kasirani yenyewe ilikuwa imemwelekea yeye.

Akaandika: Ni mimi kweli mwanangu. Msusi wa jirani amenifungulia.

Matapeli wote wanasema ni kweli. Kisha, baada ya muda mfupi: Haya. Siku tuliyomzika mama, baba aliniambia maneno gani pale kaburini? Ukikosea nakufungia.

Mkasi ulikuwa bado mkononi mwake. Akauweka. Upande wa pili wa plaiwudi mashine ya kukaushia nywele ilianza kuunguruma.

Jibu zuri lilikuja la kwanza. Lilikuja tayari limepangika, kana kwamba alilitayarisha kwa miaka minne, na pengine alilitayarisha kweli: Nilikuambia pole mwanangu, tuko pamoja. Kidole kikaliandika lote. Lilikuwa ndilo neno la baba. Ndilo ambalo mwanaume yeyote aliyesimama pale mikono mitupu angelisema. Alilitazama, akajua kwamba akilituma, binti yake atasema ndiyo, nilijua wewe si yeye, na mlango utafungwa. Ili aingie ilibidi awe yule yule aliyekuwa siku ile.

Akalifuta, herufi moja moja, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kufuta yote kwa pamoja.

Kidevu juu kidogo, mwanangu.

Akatuma.

Chini ya maneno hayo pakatokea neno dogo la kijivu: Imeonekana. Hakuna kingine kilichokuja. Mashine ya nywele ikazimwa, ikawashwa, ikazimwa. Mzee akaichukua simu, akaandika tena, safari hii bila kufikiri wala kurudia, makosa na yote: Sikuweza kumwangalia mama yako bila kamera. Niliogopa. Ningeiweka chini ningeanguka mbele za watu. Sikukuona wewe. Nisamehe mwanangu. Akatuma na hiyo. Imeonekana.

Mchana ukapita. Hakula. Mwalimu alikuja kuchukua picha zake, akasema ametoka mzee kuliko alivyo, mzee akasema ndivyo kamera ilivyo. Akafagia. Alifikiria kwenda kwa Msusi, akafika hadi kizingitini, akarudi. Kufikia saa tisa alikuwa ameshaamini kwamba amefungiwa, na kwamba hivyo ndivyo kufungiwa kunavyokuwa, kimya bila taarifa.

Saa tisa na nusu akaingia dereva wa lori, mtu mnene mwenye haraka, leseni yake inaisha kesho na gari limezuia njia huko nje. Mzee akamwazima koti la studio. Akawasha taa, akamkalisha, akasogeza bega lake la kushoto kwa ncha ya kidole. Dereva alikuwa amekwisha kukaza uso, na mzee ameinama kwenye kamera, simu ilipoanza kuimba juu ya meza. Ulikuwa wimbo ambao hakuwahi kuusikia ukitoka humo.

"Mzee, simu," alisema dereva bila kusogeza midomo.

Katika miaka thelathini na nane hakuwahi kumwacha mtu aliyekwisha kukaa mkao. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitufe. Angebofya mara moja tu, ingechukua nukta moja. Simu iliimba tena. Mzee akanyooka, akaiacha kamera ikimtazama dereva peke yake, akaenda mezani.

Kwenye kioo palikuwa na duara mbili, nyekundu na ya kijani. Akagusa ya kijani.

Mwanamke akajaa kwenye kioo. Amekonda, nywele hazijachanwa, nyuma yake kuna dirisha lenye jua kali lililoufanya uso wake kuwa giza. Alikuwa ameishika simu chini mno, karibu na kiuno. Paji la uso lilikuwa limekatwa, na lililoonekana zaidi ni shingo, taya, na dari. Kosa juu ya kosa. Mzee aliyaona yote mara moja: sogea kutoka dirishani, inua mkono, geuka kwenye mwanga. Maneno yalimpanda yakafika kwenye ulimi. Akayameza.

"Shikamoo, baba," alisema binti yake kutoka kwenye giza lile.

Mzee akaisogeza simu karibu na uso.

"Marahaba, mwanangu."

Alimsikia akivuta pumzi kwa pua, kama alivyokuwa akifanya utotoni alipokuwa anazuia kulia. Halafu mahali fulani ndani ya chumba hicho mtoto akaanza, kilio chembamba, cha madai.

"Ameamka," alisema binti. "Ngoja nimchukue. Usikate."

"Sikati," alisema mzee, ambaye hakujua namna ya kukata.

Binti akailaza simu mahali, na uso wake ukatoka kwenye kioo. Nyuma ya mzee dereva alishuka kwenye stuli, akalivua koti la studio, akalitundika. Akazima taa moja, halafu ya pili, akatoka kwa ncha za viatu kwenda kwenye lori lake, ambalo watu walikuwa wameanza kulipigia honi.

Mzee hakugeuka. Kwenye kioo palikuwa na dari nyeupe, balbu moja isiyowashwa, na pembe ya pazia iliyoinuka kidogo kila upepo ulipoingia. Kilio kilikuwa kinasogea karibu. Akaishika simu kwa mikono yote miwili, akaendelea kuitazama dari ile.